Imamu Tirmidhi na Mizani ya Dua ya Kufungulia Sala

Katika misikiti ya Moshi mjini na ya vijiji vya migombani huko mlimani, Waislamu husimama safu moja wakaifungua sala kwa dua tofauti. Wengi waliosomeshwa madhehebu ya Imamu Shafii husoma Wajjahtu. Wengine husoma Subhanaka. Hilo si tatizo. Tatizo huja pale kijana arudipo kutoka masomoni akamwambia babu yake kwamba sala yake ya miaka yote ina kasoro. Ndiyo maana leo tunayatazama maisha ya mwanachuoni aliyezipima hadithi za dua zote mbili.

Abu Isa Muhammad bin Isa At-Tirmidhi alizaliwa yapata mwaka 209 Hijria (824 Miladia) katika nchi ya Tirmidh, kando ya mto Jayhun, ambayo leo imo Uzbekistan. Alisafiri Khurasan, Iraq na Hijaz kutafuta hadithi. Kwa mwalimu wake, Imamu Bukhari, alijifunza kuzitambua kasoro zilizojificha ndani ya sanadi. Kisha akatunga Jami, kimojawapo cha vitabu sita mashuhuri, ambamo hueleza daraja ya hadithi na nani miongoni mwa wanazuoni waliitumia.

Alipofika mlango wa kufungua sala, aliipokea Subhanaka kwa njia ya Abu Said Al-Khudri na ya Bibi Aisha (R.A.). Hakuficha udhaifu. Katika njia ya kwanza yumo Ali bin Ali Ar-Rifai, aliyetiwa dosari na Yahya bin Said, na Imamu Ahmad hakuisahihisha hadithi hiyo. Katika ya pili yumo Haritha bin Abi Rijal, aliyekosolewa hifadhi yake. Lakini Tirmidhi hakuishia hapo: alieleza kwamba dua hiyo imepokewa pia kwa Umar na Ibn Masud (R.A.), na kwamba wanazuoni wengi waliifanyia kazi.

Ama Wajjahtu, iliyopokewa kwa Sayyidna Ali (R.A.), aliiweka katika milango ya dua akaihukumu kuwa ni hasan sahihi. Nayo imo pia katika Sahihi Muslim.

Imamu huyu alipofuka macho mwishoni mwa umri wake, akafariki mwaka 279 Hijria (892 Miladia).

Tunajifunza kwake kwamba kukosoa njia moja ya hadithi si kuibomoa amali yote. Wapo wanazuoni wa baadaye walioipa nguvu Subhanaka kwa kuzikusanya njia zake. Isitoshe, kwa wanazuoni walio wengi dua hii ni sunna, na kuiacha hakuibatilishi sala. Basi wazazi, tuwafundishe watoto wetu elimu ya sanadi pamoja na adabu yake: kijana aulize kwa heshima, na mzee asione haya kujifunza.

Wallahu aalam.