Jack O'Connor

Jack O'Connor (jina kamili: John Woolf O'Connor, Nogales, Arizona, 22 Januari 1902 – 20 Januari 1978) alikuwa mwandishi, mwalimu wa uandishi wa habari na mwindaji kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuitetea risasi ya .270 Winchester, ambayo kwa maoni yake ilitosha hata kwa wapiti, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 300.

Maisha

Alikulia Tempe, Arizona, kabla eneo hilo halijawa jimbo kamili. Mwaka 1927 alimwoa Eleanor Barry. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Arizona na kuandika riwaya, lakini jina lake lilikua kupitia jarida la Outdoor Life, alikokuwa mhariri wa masuala ya bunduki kuanzia miaka ya 1940 hadi 1972. Mwaka 1948 familia ilihamia Lewiston, Idaho. Aliwinda pia Afrika, ikiwemo Tanganyika. Alifariki melini akirudi kutoka Hawaii, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 76.

Mabishano kuhusu risasi

Kampuni ya Winchester ilitoa risasi ya .270 mwaka 1925. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 8.4 tu, lakini kilitoka kwenye mtutu kwa kasi ya takriban mita 950 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo kilishuka kidogo tu njiani, na mwindaji wa milimani aliyekosea kukadiria umbali bado aliweza kumpata mnyama mahali alipokusudia.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Elmer Keith, mwandishi mwingine wa Idaho aliyewahi kuwaongoza wawindaji msituni. Keith alitaka vichwa vizito na vinene, vyenye gramu 16 hivi, vinavyoweza kupenya misuli na mifupa hata mnyama akipigwa kwa pembe mbaya. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: wapiti aliyejeruhiwa huweza kwenda mbali na kufia asikoonekana.

O'Connor naye aliogopa jambo hilohilo, ila aliona chanzo chake kwingine. Bunduki yenye nguvu nyingi hulisukuma bega kwa kishindo. Mpigaji akishaizoea hofu hiyo hushtuka kabla ya kufyatua, na risasi hupiga tumbo badala ya mapafu. Hata hivyo hakudai kwamba .270 inafaa kwa kila kitu. Kwa anayetaka bunduki moja ya kuwindia wanyama wa kila aina, aliisifu .30-06, inayokubali vichwa vizito zaidi.

Mfano wake wa karibu ulikuwa nyumbani. Eleanor aliwaua wanyama wengi wakubwa kwa bunduki ya milimita 7 ya Mauser, ambayo risasi yake ni ya polepole kuliko .270.