Kimathi usiyemjua: Mtu wa kalamu na rejista

Ukipita Kimathi Street pale Nairobi utamwona amesimama, rasta mabegani, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Sanamu hiyo ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Unaijua pia ile picha ya zamani, amelala akiwa na pingu, macho yakiangalia kamera. Hizo mbili ndizo wengi wetu tunazo kichwani. Mtu wa msitu. Mtu wa bunduki.

Sasa panda matatu hadi Nyeri. Ukitoka mjini ukifuata barabara ya Mweiga utafika kwenye chuo kikuu kinachoitwa Dedan Kimathi, na si chuo cha vita wala cha siasa, ni cha teknolojia. Huenda umewahi kujiuliza, kwani Kimathi na teknolojia wapi na wapi? Mimi nilijiuliza. Nikaanza kusoma. Kumbe wapo mahali pamoja kabisa, ila ni teknolojia ambayo mimi na wewe tumeizoea hadi hatuioni: karatasi.

Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 huko Thegenge, Tetu. Baba yake alikuwa ameshafariki, akalelewa na mama yake Waibuthi. Miaka hiyo hiyo ya 1919 na 1920, serikali ya Mwingereza ilikuwa inaanza kutumia kitu kipya kazini, kitu kilichoitwa kipande. Kila mwanaume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alilazimika kutembea nacho. Ndani yake palikuwa na jina lako, alama za vidole vyako, nani amekuajiri, anakulipa pesa ngapi, umeanza lini. Ukitaka kuacha kazi, mwajiri lazima atie sahihi. Asipotia, ukaondoka, wewe ni mtoro na polisi watakutafuta. Wengi walikibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, kama kengele ya mbuzi.

Hebu fikiria hapo kidogo. Wewe leo unalalamika kwamba apu ya kubeba abiria inajua uko wapi, umechelewa dakika ngapi na mteja amekupa nyota ngapi. Babu zetu walikuwa na hiyo apu shingoni, miaka mia moja iliyopita. Tofauti ni kwamba wengi wao hawangeweza hata kusoma kilichoandikwa juu yao.

Hapo ndipo shule ilikuwa na maana. Katika mji kama Nyeri ya wakati huo, aliyejua kusoma na kuandika hakupewa jembe. Alikuwa karani, mwalimu, mkalimani, msaidizi wa daktari misheni. Asiyejua alibaki shambani kwa mzungu au kubeba mizigo. Kijiji kizima kiligawanyika hivyo, na mgawanyiko wenyewe uliletwa na kifaa kidogo tu kinachoitwa kalamu.

Kimathi alianza shule akiwa na miaka kama 15, pale Karuna-ini. Leo mtu wa miaka 15 yuko sekondari, yeye alikuwa ndio anashika kalamu. Lakini alikimbia nayo. Kiingereza kilimwingia haraka, akapenda mashairi na mijadala. Karo ilikuwa shida, kwa hivyo alienda msituni kuokota mbegu za miti na kuziuzia idara ya misitu. Ukweli ni huo: msitu ulimlipia karo kabla haujamficha. Kutoka hapo alienda Tumutumu, kituo cha wamisheni wa Kiskoti karibu na Karatina, shule iliyokuwa na jina kubwa Mlima Kenya nzima.

Hakumaliza. Pesa haikutosha, na nidhamu ya wamisheni na yeye havikupatana. Mimi pia niliacha chuo njiani, kwa hivyo sehemu hii niliisoma mara mbili. Kuna aibu fulani unayotembea nayo, kila ukikutana na shangazi njiani anauliza utamaliza lini. Kimathi alitembea nayo pia. Alijiunga na jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hakudumu. Alifundisha, hakudumu. Alijaribu kazi hii na ile. Ungekutana naye mwaka wa 1946 ungesema huyu kijana ana akili lakini hana mwelekeo.

Kilichombeba ni ile kalamu. Alipohamia upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, mji tunaouita Nyahururu sasa, alijiunga na chama cha KAU na kufikia mwaka wa 1952 alikuwa katibu wa tawi. Unajua kazi ya katibu? Si kupiga kelele jukwaani. Ni kuandika majina, kuandika kumbukumbu za mkutano, kupokea michango na kujua nani ametoa nini. Kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayeiimbia. Lakini bila yeye hakuna chama.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Viongozi wa KAU wakakamatwa, na baada ya muda mfupi Kimathi akaingia msitu wa Nyandarua. Huko alikuta maelfu ya vijana wa kike na wa kiume. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake na kambi yake. Silaha zilikuwa chache, nyingine zilitengenezwa kwa mabomba ya maji, vipande vya komeo za mlango na mipira. Ubunifu ulikuwepo. Mpangilio ndio haukuwepo.

Mwezi wa Agosti 1953 viongozi walikutana Mwathe, ndani ya msitu, wakaunda baraza moja la kuongoza vita na Kimathi akawa mkuu wake. Na hapa ndipo utamwona yule katibu wa tawi. Alitaka kila kambi iwe na rejista ya wapiganaji na maandishi ya mashambulizi, mali na waliokufa. Alitaka vyeo, barua na ripoti. Vitabu vya mazoezi vya shule, vilevile ulivyotumia darasa la tatu, vilibebwa kwenye mvua na baridi ya Nyandarua kama mali ya thamani. Karari Njama, mwalimu aliyesomea Alliance, akawa mwandishi wake mkuu, na baadaye, mwaka wa 1966, alitoa kitabu pamoja na Donald Barnett kuhusu maisha hayo ya msituni. Februari 1954 likaundwa Bunge la Kenya la msituni, Kimathi akiwa waziri mkuu. Aliandika barua kwa serikali na kwa magazeti akieleza wanapigania nini.

Kwa nini mtu anayewindwa na ndege za kivita ajisumbue na karatasi? Kwa sababu serikali ilikuwa ikisema hao ni majambazi na wendawazimu. Jambazi hana rejista. Mwenye rejista, mkutano na kumbukumbu ni serikali inayosubiri kuingia ofisini. Pia alijua vita vitaisha, na siku hiyo mtu atauliza nani alipigana na nani alikufa. Kama haikuandikwa, atajibu nani? Kipande kilikuwa karatasi ya kumfunga Mwafrika. Yeye aliichukua karatasi ileile akaifanyia kazi nyingine.

Ningeishia hapo hadithi ingekuwa tamu. Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio nataka uubebe.

Wengi wa wapiganaji hawakusoma. Walikuwa wakulima, wachungaji, vibarua. Baadhi ya majenerali wakali kabisa walikuwa hivyo. Stanley Mathenge ni mmoja wao, mtu aliyepigana vita vya wazungu huko Burma, anayejua bunduki na anayependwa na vijana wake, lakini hakuwa na masomo. Sasa jiweke mahali pake. Umeongoza watu tangu mwanzo. Ghafla kazi imebadilika. Cheo kinatolewa kwa barua. Mkutano unaendeshwa kwa maandishi. Kijana aliyekaa darasani miaka michache anakusomea uamuzi ulioandikwa na mwenzake, na wewe huna njia ya kujua kama ndicho kilichoandikwa. Ujuzi wako haujapungua hata kidogo, lakini thamani yake imeshuka.

Mathenge na wenzake wakajitenga na kundi lililoitwa Kenya Riigi. Riigi kwa Kikuyu ni mlango. Lalamiko lao kubwa lilikuwa dhidi ya waliosoma: kwamba wanajiinua na kujitayarishia utawala kwa kalamu huku wengine wakimwaga damu. Kimathi naye aliwaona kama waasi. Mwaka wa 1955, wakati Riigi walikuwa wakizungumza na serikali kuhusu amani, watu wa Bunge la Kenya waliwakamata baadhi ya viongozi wao, na mazungumzo yakavunjika. Mathenge alipotelea huko na hakuonekana tena. Nguvu za msitu zilikuwa zinapungua kwa njaa na mabomu, na sasa zikapungua pia kwa ugomvi wa nani anajua kuandika.

Sitakuambia Kimathi alikosea kutaka rejista. Alikuwa sahihi. Lakini kutaka kifaa kipya ni jambo moja, na kumfundisha kila mtu kukitumia ni jingine. Anayeachwa nyuma hakai kimya, anatafuta mlango wake.

Na karatasi ina ubaya mwingine: haichagui msomaji. Baadhi ya maandishi ya msituni yalinaswa na maafisa wa usalama, na majina yaliyowekwa kwa ajili ya kumbukumbu yakawa mikononi mwa adui. Halafu afisa Ian Henderson, mzungu aliyekulia Nyeri na aliyejua Kikuyu vizuri, akawageuza wapiganaji waliokamatwa wawe wawindaji wa wenzao.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956, Kimathi alipigwa risasi mguuni na askari aliyeitwa Ndirangu Mau, akakamatwa huko huko Tetu alikozaliwa. Alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa lililokuwa na adhabu ya kifo chini ya hali ya hatari. Hukumu ilitoka tarehe 27 Novemba. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa Kamiti na kuzikwa kwenye kaburi lisilo na alama. Alikuwa na miaka 36. Hata faili ya kesi yake ilikaa miongo mingi bila wananchi kuiona, hadi ilipochapishwa kitabuni mwaka wa 2017.

Siku moja kabla ya kufa, unajua alifanya nini? Aliandika barua. Aliiandikia kwa Padre Marino wa misheni ya Kikatoliki Nyeri. Aliomba mke wake Mukami, aliyekuwa amefungwa hapo hapo Kamiti, afarijiwe. Aliomba mama yake mzee asisahauliwe. Na aliomba mtoto wake aanze shule mapema. Mtu aliyekosa karo, akaacha shule, akaongoza vita, amebakiza saa chache, na bado anafikiria darasa.

Leo ndani ya chuo chenye jina lake, kilichoanza kama taasisi ya ufundi na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2012, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayotengeneza vifaa vya chipu, vile vidude vidogo vinavyoendesha simu yako. Vijana wa Nyeri wanavaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni wakifanya kazi ambayo babu zao hawakuwa na jina lake. Karatina na Nanyuki, wengine wanaandikia kampuni za mbali wakiwa vyumbani, na sasa wanaambiwa akili unde itaandika kwa niaba yao.

Kwa hivyo kalamu mpya imefika tena. Utaambiwa uiogope, na wengine watakuambia uiabudu. Wewe fanya kama yule kijana wa mbegu za miti, tafuta njia ya kuishika hata kama karo haipo. Ukishaijua, angalia kando yako kuna Mathenge gani anayejua kazi kuliko wewe lakini hajui kifaa hiki. Usimsomee tu. Mkalishe chini, mwonyeshe inavyoshikwa.