Marconi na Simu ya Upepo

Mwanafunzi, ukipata nafasi ya kufika Kariakoo, jijini Dar es Salaam, simama mahali pa salama, uinue macho. Juu ya mapaa ya majumba marefu utaona milingoti ya chuma, na juu ya milingoti hiyo madishi. Tazama vizuri yale yaliyofungwa kwenye milingoti mirefu: kila dishi limeelekezwa upande mmoja tu, kama mtu anayemkazia macho mwenzake aliye mbali. Kwa nini limewekwa juu? Na kwa nini halitazami pande zote? Ili upate majibu, soma maisha ya Guglielmo Marconi.

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1874, katika mji wa Bologna, nchini Italia. Zama hizo habari za haraka zilipelekwa kwa simu ya waya. Pasipokuwa na waya, ujumbe ulikwenda kwa miguu, kwa farasi au kwa meli. Meli iliyopatwa na dhoruba katikati ya bahari haikuweza kuomba msaada mbali.

Mwaka 1888 mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Hertz, alikuwa amethibitisha kwamba yapo mawimbi yasiyoonekana, yanayosafiri pasipo waya. Leo tunayaita mawimbi ya redio. Marconi aliposoma habari hizo, alitaka kuyatumia kupeleka ujumbe.

Mwaka 1895 alifanya majaribio nyumbani kwao. Mwanzoni ishara zilifika karibu tu. Basi alifunga waya juu ya nguzo ndefu, na mwingine akaufukia ardhini. Kadiri nguzo ilivyoinuliwa, ndivyo ishara zilivyofika mbali. Ndugu yake, Alfonso, akaenda ng'ambo ya kilima na bunduki, ili apige risasi akipata ishara. Marconi alipotuma ishara, mlio wa bunduki ukasikika. Ujumbe ulikuwa umesafiri kama kilometa 2.

Mwaka 1896 Marconi alikwenda Uingereza. Mwaka 1899 ujumbe wake ulivuka bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 12 Desemba, 1901, alikuwa Newfoundland, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Alirusha tiara iliyobeba waya, akasikiliza. Alitangaza kwamba amesikia ishara kutoka Uingereza, umbali wa kilometa 3,500 hivi. Watu wengi walitia shaka, kwani hapakuwa na ushahidi ila masikio yake na ya msaidizi wake. Marconi hakugombana nao. Mwaka 1902 alisafiri kwa meli, na humo mtambo ukaandika ujumbe juu ya utepe wa karatasi. Sasa kila mtu aliweza kuuona.

Mwaka 1912 meli kubwa iitwayo Titanic iligonga mwamba wa barafu ikazama. Watu wengi mno walikufa. Lakini zaidi ya watu 700 waliokolewa, kwa sababu simu ya upepo iliita meli nyingine.

Simu ya upepo ilifika kwetu pia. Wajerumani walijenga kituo chake Dar es Salaam. Vita Kuu ilipoanza, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Astraea ilikishambulia kituo hicho kwa mizinga, tarehe 8 Agosti, 1914. Jina la Kariakoo nalo latokana na vita hivyo: ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lililotamkwa Kiswahili.

Sasa tuone kosa la Marconi. Kwa miaka mingi aliamini kwamba ili ujumbe ufike mbali sana, ni lazima kutumia mawimbi marefu. Mawimbi hayo yalihitaji mitambo mikubwa na fedha nyingi. Hatimaye majaribio yalionyesha kwamba mawimbi mafupi hufika mbali kwa gharama ndogo, kwa kuwa hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini. Mwaka 1922 Marconi aliwaambia wahandisi huko New York kwamba mawimbi mafupi yalikuwa yamepuuzwa. Hakuona haya kuibadili njia aliyoizoea. Kufikia mwaka 1927 mawimbi mafupi yaliunganisha Uingereza na Afrika Kusini.

Kisha alijaribu mawimbi mafupi zaidi, yasiyofikia meta moja. Mwaka 1933 yalitumika kwa simu kati ya Vatikano na Castel Gandolfo, umbali wa kilometa 20 hivi. Marconi alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai, 1937.

Sasa rudi Kariakoo. Madishi unayoyaona hutumia mawimbi mafupi sana, ya sentimeta chache tu. Mawimbi hayo hubeba habari nyingi kwa wakati mmoja, lakini hayarudishwi na tabaka la juu la anga. Husafiri kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo dishi hukusanya nguvu zake upande mmoja, na huwekwa juu ili lionane na mwenzake. Dunia ni mviringo: milingoti miwili ya meta 30, iliyo kwenye uwanda tambarare, huacha kuonana ikitengana zaidi ya kilometa 40 hivi.

Fikiri kwamba wewe ni fundi. Wanakijiji walio mbali na mkongo wanataka intaneti, ili mkulima ajue bei ya mchele Kariakoo kabla ya kuuza. Je, kuna kilima au miti mirefu katikati? Je, mvua kubwa hunyesha? Baadhi ya mawimbi mafupi sana hudhoofishwa na mvua. Je, kituo cha katikati kitapata umeme? Ukichagua bila kupima, kijiji kitakosa habari siku kinapozihitaji. Fanya kama Marconi: pima, jaribu, na ukigundua kosa, likubali ulirekebishe.

Mazoezi

1. Kwa nini Marconi aliinua nguzo yake?
2. Utepe wa karatasi ulisaidia nini?
3. Kilima kimesimama kati ya madishi mawili. Utafanya nini?