Mfahamu Rumanyika, mtawala wa Karagwe aliyekunywa maziwa watu wake wakinywa rubisi

Ukipanda basi Masumbwe kuelekea Ushirombo, Runzewe na hatimaye Kagera, unafuata karibu njia ileile ya misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Tabora kwenda Karagwe.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikwama upande huu kwa wiki nyingi, hoi kwa ugonjwa, katika eneo aliloliandika Bogue, jina lisilo mbali na Mbogwe ya leo. Mtemi wa hapo, Lumeresi, alimbana kwa hongo, akitaka hasa kitambaa cha hariri.

Alipofika Karagwe mwishoni mwa Novemba mambo yalikuwa tofauti kabisa. Omukama Rumanyika alimpokea kwa ukarimu pale Bweranyange, akampa tumbaku nzuri na pombe ya ikulu. Speke aliiona kali kwelikweli.

Cha ajabu, mwenye pombe mwenyewe hakuwa mnywaji. Speke aliandika kuwa Rumanyika aliishi karibu kwa maziwa tu. Nyama ya kuchemsha aliifyonza mchuzi wake, mnofu akauacha. Pombe ya ndizi aliigusa kwa nadra sana, na hakuna aliyewahi kumwona amelewa.

Kwa Karagwe hilo si jambo dogo. Ile ni nchi ya migomba, na pombe ya ndizi, rubisi, ilinywewa sana na raia.

Inatengenezwa hivi: ndizi za pombe zinaivishwa, mara nyingi kwa kufukiwa shimoni, halafu zinamenywa na kutiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi. Watu wanazikanyaga mpaka juisi itoke. Juisi inachujwa, inatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa. Kesho yake au keshokutwa imeshachacha, sukari ya tunda imegeuka kilevi.

Miaka hiyohiyo Louis Pasteur, huko Ufaransa, ndiyo kwanza alikuwa anawaonyesha wenzake kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai vidogo. Wapishi wa rubisi hawakumsubiri.

Kwa nini Rumanyika alijitenga na pombe? Sehemu ya jibu ni ukoo. Watawala wa Karagwe walikuwa wa jamii ya wafugaji. Ng'ombe na maziwa vilikuwa heshima yao, migomba ilikuwa kazi ya wakulima. Hata wake wa ikulu walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa kiasi cha kushindwa kutembea, na Speke alimpima mmoja wao!

Lakini wafugaji wengine walikunywa vizuri tu, kwa hiyo ukoo peke yake hautoshi. Rumanyika alikuwa na sababu ya kubaki na akili timamu. Baba yake, Ndagara, alipofariki, kiti kiligombewa na ndugu yake Rogero. Rumanyika alishinda baada ya Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora, kumpelekea Kabaka Suna wa Buganda pembe za ndovu ili atume jeshi. Ukipata kiti kwa msaada wa jirani mwenye nguvu kuliko wewe, huwezi kulala fofofo.

Na kweli alikaa macho. Aliishi kwa amani na Buganda, akawapa wafanyabiashara Waarabu nafasi, akamuuguza James Grant, mwenzake Speke, aliyebaki hapo na mguu mbovu hadi Aprili 1862. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta bado yuko kitini. Leo jina lake liko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.

Alifariki miaka michache baada ya ziara hiyo, na damu ikaanza kumwagika ndani ya ukoo wake. Mwanawe mkubwa alitawala kwa miezi tu, kisha Kakoko akanyakua kiti na kuua ndugu zake wengi.

Stanley aliporudi Karagwe mwaka 1889 alisimuliwa mwisho wa huyo Kakoko. Alikuwa amelala kitandani, amelewa chakari, muuaji akaingia na kumchoma mkuki kifuani mara mbili.