NANI ALIKUAMBIA HUNA AKILI?

Ndugu kijana, labda ni mwalimu. Alikutamkia mbele ya darasa zima, wenzako wakacheka. Miaka imepita, lakini neno lile bado unatembea nalo. Si ndiyo?

Sikia habari za Thomas Edison, aliyezaliwa Marekani mwaka 1847. Alikuwa mtoto wa maswali mengi. Miezi michache tu shuleni, akamsikia mwalimu akisema kichwa chake kimevurugika. Akarudi nyumbani analia.

Yangeweza kuishia hapo! Lakini mama yake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, alilikataa neno lile. Akamtoa shule, akamfundisha mwenyewe nyumbani. Akiwa na miaka 12 Thomas aliuza magazeti na peremende kwenye treni. Masikio yakawa mazito, naye hakuacha kujifunza.

Mwaka 1877 akatengeneza mashine ya kunasa sauti na kuitoa tena. Mwaka 1879, baada ya majaribio mengi kushindikana, balbu yake ikawaka saa nyingi bila kukatika. Alikufa mwaka 1931, na kwa jumla hati 1,093 za uvumbuzi Marekani zilitolewa kwa jina lake. Naye alikiri kuwa mama yake ndiye aliyemjenga.

Umeona? Kinywa kimoja kilimbomoa, kingine kikamwinua. Je, wewe umeshika neno la nani? Aliyekuumiza huenda ameshasahau alichosema, mbona wewe unakitunza? Kitupe leo! Mtafute aliye tayari kukufundisha, uanze tena. Hujachelewa.