Allidina Visram: Tajiri wa Kampala aliyeanza bila mtaji wa baba

KAMPALA – Kabla ya foleni za malori Malaba na Busia, bidhaa nyingi za Kampala zilipita mikononi mwa Allidina Visram. Alitoka Kutch, India, akiwa kijana mdogo asiye na urithi, akaajiriwa Bagamoyo na Sewa Haji Paroo, Mwismailia mwenzake aliyekuwa tajiri wa misafara. Mtaji wake basi ulikuwa kuaminiwa na watu wa jamii yake, na hilo si jambo dogo: wengi hawakuwa na hata mlango huo wa kubisha.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina aliishika biashara ya misafara. Alifungua duka Kampala, na mengine kandokando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Alinunua pembe za ndovu, ngozi, ufuta na pamba, akauza nguo na chumvi, na majahazi yake yakavuka Ziwa Victoria. Mahali pasipo na benki, maofisa wa serikali walichukulia fedha dukani kwake.

Alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul, aliyeanza na kila kitu alichokosa baba, alifadhili shule ya Mombasa inayobeba jina la mzee huyo hadi leo. Naye alifariki mwaka 1923, na kampuni ikaporomoka katika miaka hiyo ya 1920.