Mtakatifu Kamilo: Mcheza Kamari Aliyepoteza Hata Shati

Mtakatifu Kamilo wa Lellis alizaliwa Bucchianico, Italia, mwaka 1550. Baba yake alikuwa askari na mcheza kamari. Mama yake alifariki Kamilo akiwa bado kijana mdogo, naye akamfuata baba katika uaskari, na katika karata na dadu pia.

Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Mwaka 1571 alikwenda kutibiwa Roma katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo, akapewa na kazi humo, lakini akafukuzwa kwa ugomvi na kamari. Aliwahi pia kuweka nadhiri ya kuwa Mfransisko, kisha akarudia karata. Mwaka 1574, huko Napoli, aliweka dau silaha zake, koti lake, mwisho shati lake. Vyote vikaliwa.

Akiwa ombaomba, alipata kibarua kwenye ujenzi wa Wakapuchini mjini Manfredonia. Tarehe 2 Februari 1575, akiyatafakari maneno aliyoambiwa na mkuu wa konventi, alipiga magoti njiani akalia kwa toba.

Tusidhani machozi yale yalimaliza yote. Alijiunga na Wakapuchini, lakini kidonda kikamrudisha nje. Akarudi kwenye hospitali ileile iliyomfukuza. Safari hii alikuwa na muungamishi, Mtakatifu Filipo Neri, na siku zake zilijaa wagonjwa wa kulishwa, kuoshwa na kufarijiwa. Mtu aliyefukuzwa akawa msimamizi wa nyumba. Akapata upadre mwaka 1584, akaanzisha shirika la Watumishi wa Wagonjwa, lililokubaliwa na Papa Sisto V mwaka 1586. Alifariki Roma tarehe 14 Julai 1614, akatangazwa mtakatifu mwaka 1746.

Ndugu msomaji, leo kamari imo mfukoni, ndani ya simu. Kijana anayebeti hadi ada ya shule huapa kila mkeka unapochanika, na kesho hurudia. Kamilo naye aliweka nadhiri akaanguka. Neema ilimshika kupitia kazi ya mikono, mtu wa kumweleza ukweli wote, na watu waliomhitaji. Basi tukimwona ndugu yetu amenaswa, tusiishie kumlaumu wala kumlipia madeni kimyakimya. Tumsindikize kwa padre na kwa mshauri, tumtafutie la kufanya, na akianguka tena, tusimfungie mlango.

Mtakatifu Kamilo, utuombee.